Nina wazo la biashara nataka nilijaribu kwanza ila naogopa kuibiwa, nyie mnafanyaje?

bintimzigua
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuanzisha biashara yao wenyewe toka sifuri. Nimeajiriwa hapa Dar, nina wazo nimekaa nalo muda sasa na nina akiba kidogo ambayo sitaki iteketee, kwaiyo nataka nijaribu kwa udogo nione kama watu watanunua kweli kabla sijakodi fremu na kununua vifaa. Shida ni kwamba kujaribu maana yake lazima niwaambie watu, na nikimwambia mtu mwenye mtaji kunizidi kesho anaanza yeye. Ofisini kwetu kuna mabosi wana hela na kila siku wanauliza waweke wapi, hao ndo wangekuwa wateja wangu wa kwanza na hao hao ndo nawaogopa. Kuna mtu kaniambia nikasajili wazo BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, halafu kila ninayeongea naye nimsainishe mkataba wa siri, mwingine kaniambia niende COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Je wazo linasajiliwa? Na mnajaribuje biashara bila kuanika kila kitu? Wazo lenyewe sitalitaja mtanisamehe, niseme tu ni la chakula na linahusu kuwapelekea watu majumbani.

Kokoto
Dada chakula cha kupeleka majumbani ndo wazo la nusu ya watu wa Dar, hapo hujatuambia kitu. Fungua kidogo usaidiwe, huku hakuna anayekujua.

wakili_wa_mchana
Binti hongera kwa kufikiria kabla ya kutoa hela. Nianze na hilo la kusajili maana watu wengi wanapoteza nauli hapo. Wazo tupu halisajiliwi popote, sio BRELA sio COSOTA. COSOTA ni mambo ya hakimiliki, na hakimiliki inalinda kile ulichokwisha kukiandika, kukichora au kukirekodi, hailindi wazo lililomo ndani yake. Ukiandika kitabu cha mapishi mtu akikitoa kopi akauza amekukosea, ila akikisoma akaingia jikoni akapika akauza hajakukosea chochote.

BRELA wana vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Jina la biashara ni utambulisho wako tu, halimzuii jirani kufungua biashara ileile mlango wa pili. Alama ya biashara ndo yenye meno, ukisajili jina na nembo kwenye daraja la bidhaa au huduma yako mtu akizitumia unamshtaki, inadumu miaka 7 ya mwanzo halafu unaihuisha kila miaka 10, na ujue ya BRELA inaishia Bara, Zanzibar unasajili tena BPRA, wakala wa usajili wa kule. Cha tatu ni hataza, hiyo ni ya uvumbuzi, mfano mashine au njia mpya ya kutengeneza kitu, na hapo peke yake ndo ningekwambia funga mdomo kabisa mpaka umepeleka maombi, kwa sababu kitu kikishaanikwa hadharani kinaweza kuhesabika si kipya tena. Kupelekea watu chakula sidhani kama kuna uvumbuzi wa aina hiyo ndani yake.

Mkataba wa siri una kazi yake, ila ni kwa mtu anayeingia ndani: mshirika wako, mtu wa kukutengenezea programu, anayekupikia. Mteja humsainishi kitu, atakushangaa tu, na tena hana haja ya kujua hesabu zako. Halafu kitu kimoja watu wanakipuuza ni kuandika. Mnakumbuka ile huduma ya tafadhali nipigie, Afrika Kusini inaitwa Please Call Me. Nkosana Makate alikuwa mwajiriwa wa Vodacom kule, upande wa uhasibu, mwaka 2000 akampelekea mkubwa wa kitengo cha bidhaa wazo lake kwa maandishi na wakaelewana kwa mdomo kwamba likifanya kazi atalipwa. Huduma ikatoka 2001, malipo hayakutoka. Mahakama ya Katiba ilikuja kumpa haki 2016, na hata baada ya hapo ubishi wa alipwe kiasi gani ukaendelea miaka. Sasa angalieni vizuri alichoshinda nacho. Hakushinda kwa kuwa wazo lilikuwa mali yake, na MTN, kampuni pinzani ya simu kulekule, nao walikuwa na huduma ya namna hiyohiyo karibu wakati uleule. Alishinda kwa sababu kulikuwa na MAKUBALIANO na akaweza kuyathibitisha. Hata kwetu mkataba wa mdomo ni mkataba, kazi ni kuuthibitisha. Kwaiyo ukiongea na bosi yeyote kuhusu kushirikiana, ukitoka hapo mtumie ujumbe mfupi, boss asante kwa mazungumzo ya leo, tulikubaliana moja mbili tatu. Akijibu sawa una kitu mkononi.

Mjasiri_wa_Kweli
Mimi naomba nitofautiane kidogo na wanaosema wizi wa mawazo haupo, maana najua watakuja. Upo. Niliwahi kupeleka andiko kwenye kampuni moja kubwa, kurasa kibao, bei, ramani ya mji, nani atasambaza, kila kitu, wakanipa chai wakasema watanirudia. Hawakunirudia, na baadaye nikaona kitu kilekile barabarani kikiwa na nembo yao. Iliniuma na mpaka leo inauma.

Ila sikiliza dada, aliyenichukulia hakuwa mteja. Wateja niliowauzia kabla ya hapo hakuna hata mmoja aliyeanzisha, wana kazi zao, wana watoto wao, wamechoka. Wa kumwogopa ni yule ambaye tayari ana magari, ana maduka, ana wateja, kwake yeye wazo lako ni kuongeza tu bidhaa moja kwenye kitu kinachotembea. Huyo usimpelekee andiko zima. Mpe ukurasa mmoja wa tatizo na matokeo uliyoyaona, namna unavyofanya baki nayo mpaka kuwe na kitu kimesainiwa. Na yale mashindano ya mawazo ya biashara soma masharti kabla hujajaza fomu, mengine yana kipengele kinachowapa waandaaji ruhusa ya kutumia utakachowasilisha.

bintimzigua
Asanteni sana jamani, wakili umenifungua macho. Haya basi nafungua. Ni mboga. Wanawake tunaofanya kazi tunafika nyumbani saa mbili usiku na foleni zetu hizi, nani ana nguvu ya kuchambua matembele saa hiyo, unaishia kukaanga mayai wiki nzima. Wazo ni kuandaa mboga za wiki nzima, mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu kilichotwangwa, bamia, zimechambuliwa zimeoshwa zimekatwa, ziko kwenye pakti na karanga au nazi yake pembeni, mteja analetewa Jumapili jioni anaweka kwenye friji. Analipia kwa mwezi. Nitaanzia Tabata na Segerea maana ndo naishi huku.

MzeeWaIlala
Mwanangu umefanya vizuri kusema, maana mimi mboga ndo kazi yangu miaka yote sokoni na nakwambia huyo mwizi unayemwogopa atashindwa na maji kabla hajakushinda wewe. Mchicha ukiuosha na kuukata Jumapili asubuhi ukaufunga kwenye nailoni ukiwa na majimaji, Jumanne unateleza na unanuka, mteja anafungua anatupa na harudi. Lazima uukaushe. Kung'uta, utandaze kwenye kitambaa safi kivulini mpaka ukiushika mkono haulowi, ndo unafunga, na ndani ya pakti weka karatasi ya jikoni inyonye unyevu unaobaki. Hata hivyo mchicha uliokatwa usimwahidi mtu wiki nzima, wape wale Jumapili na Jumatatu. Kama unataka ufike Jumatano uache haujakatwa, umechambuliwa tu.

Majani ya maboga ukishayatoa nyuzi yanajitahidi. Matembele vunja mashina yake ukiwa umeyamenya, usiyakate kisu yanageuka rangi. Kisamvu ndo mkombozi wako, kikishatwangwa kinaingia friza kinakaa, kwaiyo hicho ndo kiwe cha Alhamisi na Ijumaa, ila mwandikie mteja kwenye pakti kwamba lazima kichemshwe vizuri kwa muda mrefu, wapo vijana siku hizi hawajui na kisamvu kibichi kina sumu. Nazi iliyokunwa itoe kabisa kwenye mpango, hiyo inachacha, mpe karanga za kusaga au aongeze mwenyewe tui la pakti.

Kingine ni mboga inatoka wapi. Watu wa Dar wanaogopa mboga za bonde la Msimbazi kwa ajili ya yale maji machafu, na mteja msomi kama hao wa ofisini kwako atakuuliza hilo swali la kwanza. Ukimpata mkulima anayemwagilia maji ya kisima, anakupa kila Jumamosi bila kukosa, hata mvua ikipiga mboga ikaadimika yeye anakukumbuka, basi hiyo ndo siri ya kutunza. Pakti piga picha weka kila mahali. Mkulima usimtaje kwa mtu.

Kokoto
Mzee umemaliza, hii ya nazi hata mimi sikuwa nalijua.

pwani_tupu
Niko Mombasa, naongeza kidogo tu. Watu huongea M-Pesa kana kwamba mtu aliamka nayo kichwani ikiwa kamili. Ile majaribio ya 2005 kule Thika na Nairobi ilikuwa ni ya watu wa mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Walipoanza kuitumia, watu wakawa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, mambo ambayo hayakuwa ndiyo lengo. Safaricom walipoizindua kwa umma Machi 2007 kazi yake ikawa kutuma pesa nyumbani. Sasa mtu angeiba lile wazo la kwanza 2005 angebaki na nini? Na chombo cha kulipia mkopo. Dada na wewe hujui bado wateja wako watataka nini hasa. Huenda wakakwambia mchicha hawautaki, wanataka kisamvu tu kwa wingi, na hilo utalijua wewe peke yako kwa sababu wewe ndiye uliyewauzia. Anza mapema ulijue mapema.

mama_wawili_Kimara
Mimi ni mteja wako kabisa na ungekuwa Kimara ningelipa leo. Ushauri wangu kutokana na kuuza chapati za kuganda kwa oda: usiwaulize watu kama wangenunua, wote watasema ndiyo wakupe moyo. Weka picha kwenye status ya WhatsApp, pakti, bei, mwisho wa oda Alhamisi usiku, na anayetaka atume hela kabla. Asiyetuma hujaandika jina lake. Ijumaa unajua unanunua fungu ngapi, Jumamosi alfajiri unanunua, Jumapili bodaboda anazunguka. Hapo hujakodi fremu, hujanunua friji kubwa, na waliokuzunguka wanaona dada anauza mboga kwenye status basi, hakuna wa kukaa kupiga hesabu zako.

Halafu usianze na malipo ya mwezi. Anza wiki kwa wiki bila ofa yoyote uone nani anarudi mwenyewe bila kukumbushwa, wale wakirudi rudi ndo unawaambia mambo ya mwezi. Na wasiorudi wapigie simu, usitume meseji, kwenye simu mtu anakwambia ukweli, mume hali bamia, friji imeharibika, pakti ilikuwa ndogo. Hayo mambo yaandike kwenye daftari na hilo daftari usimpe mtu.

bintimzigua
Yaani nimeandika yote haya. Maswali mawili ya mwisho. Hawa mabosi nifanyeje nao, na je TBS, shirika la viwango, naanza nao sasa hivi au baadaye?

wakili_wa_mchana
Mabosi wauzie mboga. Waingie kwenye oda kama wengine, wakuone ni dada wa mboga, usikae nao mezani kueleza faida kwa pakti wala mpango wa kufika Mbezi na Goba. Akikuita mwenyewe akasema nataka kuweka hela humu, hapo ndo mkataba wa siri unatangulia, kisha mnaongea asilimia. Na angalia pia mkataba wako wa ajira, kuna waajiri wanazuia biashara nyingine au wanataka uwataarifu, usije kupata shida upande huo wakati unaogopa upande mwingine.

TBS ndo wanaosimamia chakula toka 2019 TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipobadilishwa kuwa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, na sehemu ya kuandalia chakula inasajiliwa kwao. Pitia SIDO kwanza, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji na wanasaidia wajasiriamali wadogo kufika TBS. Nenda uulize mapema, kabla hujachapisha lebo nyingi, maana ukiambiwa lebo haijakamilika unatupa zote. Na jina ukilipata zuri litafute kwenye mfumo wa BRELA leo leo kama liko wazi.

MzeeWaIlala
Jumamosi njoo sokoni mapema, saa kumi na moja alfajiri uwe umefika, wakulima wenyewe wanakuwepo bado hawajauza kwa madalali. Uliza kila mmoja analima wapi na maji anatoa wapi. Usinunue siku hiyo, zungumza nao tu, na uliza mwezi wa nne mvua zikikolea anauzaje fungu, kwa sababu bei utakayomtangazia mteja lazima ivumilie na huo mwezi.