Madalali wa Dar, acheni kupangisha Manzese kwa bei ya Sinza

Wakuu, huu utapeli umezidi. Tangazo linasema "Sinza, chumba master, 150,000". Ukifika unaingizwa uchochoro wa Manzese ambao hata bajaji haipiti. Ukihoji unajibiwa "si palepale tu, bosi". Palepale wapi? Miaka ya 1970 mradi mmoja wa serikali na Benki ya Dunia ulipima viwanja Sinza, Manzese ukapeleka barabara na maji katikati ya nyumba zilizokwishasimama. Mpangaji analipia tofauti hiyo mpaka leo. Sinza gari la majitaka linafika getini. Manzese ya ndani halifiki, shimo la choo likijaa linasubiri mvua, watu wanalitapisha, uchafu unapita mlangoni kwako.

Ila kwenye umeme ndipo tunachinjwa. Mita moja ya LUKU, vyumba nane! Mwenye mita yake na matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwekwa D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo, ambako uniti ni kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Mita ya vyumba nane inazipita 75 mwezi haujafika nusu, kwa hiyo mko T1, kundi la kawaida, kama 356. Mtu wa friji ndogo, feni na taa, tuseme anatumia uniti 45: 5,490 huku, 16,020 kule. Humohumo inakatwa kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, deni la mwenye nyumba mnalochangishana nyie. Kabla hujatoa hata mia omba meseji ya mwisho ya LUKU, ugawe hela ya umeme kwa uniti, ujue mko D1 au T1. Akikuzungusha, ondoka.

Na wa Sinza msitambe. Viwanja vyenyewe vidogo, mwenye nyumba kajaza vyumba vya uani mpaka kwenye ukuta wa jirani, septiki ni ileile iliyochimbwa kwa familia moja. Karibu na Mto Ng'ombe angalia soketi: zikiwa usawa wa kifua, na plasta mpya imeishia magotini, jua maji huwa yanaingia.

Halafu hela ya dalali. Kodi miezi 6, wa 7 wake: 1,050,000 kwa chumba cha 150,000, na hela ya kuonyeshwa keshaila. Anamtafutia mwenye nyumba mpangaji, alipwe na mwenye nyumba basi! Mods, tangazo lisilotaja mtaa na idadi ya vyumba kwenye mita lifutwe.