Tupeane uzoefu: Uliyepunguza nafaka na bado unakimbia, ukienda kula nje unafanyaje?

Kobe Mbio

Wakuu, salaam.

Nina miaka 41. Nilianza kukimbia nikiwa na 39, baada ya suruali zote kabatini kunikataa kwa pamoja. Huu ni mwaka wa pili tangu nipunguze nafaka, na hilo neno mlisome vizuri: nimepunguza, sijaacha. Zamani sahani yangu ilikuwa mlima wa wali, mboga zimewekwa pembeni kama pambo. Sasa nimeigeuza. Nusu ni mboga, robo ni samaki, mayai, nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo wanga, ambao siku nyingi ni kiazi au boga. Wali, mkate na tambi huja kama wageni, wanakula na kuondoka.

Nyumbani sina shida, mwiko naushika mwenyewe. Kinachonitoa jasho ni kula nje.

Juzi tulikuwa na chakula cha jioni cha watu wa kazini. Nilitoka ofisini sijatia kitu mdomoni tangu saa nne asubuhi. Tumekaa, hata maji hayajaja, kikapu cha mkate wa moto kimeshatua mbele yangu na siagi inayeyuka. Nikasema nionje. Samaki niliyeagiza alipofika nilikuwa kwenye kipande cha nne, na huyo samaki naye kaja na bakuli la wali. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15 za wanga, kwa hiyo nilishafika 60 kabla ya chakula chenyewe. Wali nao nikaumaliza, maana mtu akishaloa haogopi tena mvua.

Asubuhi nikatoka kwenda kulipa deni. Kilomita 8, kwa hasira. Niliporudi nikapiga hesabu: kukimbia kilomita moja hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako. Mimi nina kilo 78, kwa hiyo nimetumia kalori 620 hivi. Mkate, siagi, wali na juisi mbili vilizipita hizo bila hata kuhema. Tangu siku hiyo sikimbii kwa ajili ya adhabu. Na nimeona kosa lenyewe halikuwa mkate, lilikuwa kwenda pale na njaa ya kufa mtu. Siku hizi nakula yai la kuchemsha na tunda saa moja kabla ya kutoka.

Haya, nyie wenzangu mnafanyaje? Leteni na mliyoharibu, siyo ushindi tu.

Shavu la Mguu

Kaka, mimi niliharibu kwelikweli.

Niliingia kichwa kichwa. Nafaka zote nje, viazi nje, matunda nayo nikayatilia shaka. Wiki ya kwanza mizani ikashuka kilo mbili na ushee, nikaanza kuhubiria watu. Kumbe ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake inashikilia kama gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla akiba inatumika, maji yanatoka, wewe unashangilia mkojo. Na yakitoka yanaondoka na chumvi, ndiyo maana wiki ile kichwa kiliniuma kama nimepigwa rungu. Nilipoanza kutia chumvi kidogo kwenye supu na kunywa maji ya kutosha, kikatulia.

Jumapili ya pili nikaenda mbio zangu ndefu, kilomita 16, tumbo tupu. Mpaka ya kumi sikuona shida. Ya kumi na mbili miguu ikawa mizito, nikadhani ni upepo. Ya kumi na tatu chaji ikakata. Siyo kuchoka kule tulikokuzoea, hapana. Nilikuwa nauangalia mguu wangu wa kushoto nikiuambia unyanyuke, nao unaburuza soli. Vidole vya mikono vikapata baridi huku jua limewaka. Nikakaa ukingoni mwa barabara, nikaanza kulia, na hata sababu ya kulia siijui. Mama mmoja aliyekuwa anatembea na binti yake akanipa nusu ya ndizi aliyokuwa anakula mtoto. Mtoto hakufurahi. Baada ya dakika kumi nikaweza kusimama na kujikongoja hadi nyumbani.

Siku hizi Jumamosi jioni nakula wali, tena wa kushiba, na Jumapili mfukoni nina tende tano. Siku nyingine za wiki nabaki na mboga na protini yangu. Mtu akiniuliza kama nakula nafaka au sili, namjibu aniulize kwanza kesho nakimbia kilomita ngapi.

Mwiko Mrefu

Nimepika kwenye jikoni za hoteli miaka 11, acha niwape siri kutoka upande wa pili wa ukuta.

Unga uko mahali pengi kuliko mnavyodhani. Supu ikiwa nzito na laini, mara nyingi imetiwa unga. Mchuzi wa rangi ya maziwa, hivyo hivyo. Soseji na mipira ya nyama mara nyingi huchanganywa na chenga za mkate. Samaki wa kukaanga mara nyingi amevingirishwa kwenye unga. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Kuna hata jikoni wanaotia rojo la unga kwenye kimanda ili kivimbe. Ukitaka usalama agiza kitu ambacho bado kina sura yake: samaki aliyechomwa aonekane samaki, kuku aonekane kuku.

Pili, namna ya kuagiza. Wateja wengi humpigia mhudumu hotuba: mimi nafaka siku hizi nimezipunguza, nilisoma kwamba, unajua... Mhudumu ana meza sita, ataitikia kila kitu na jikoni italeta vilevile. Sema maneno machache: "Badala ya wali niongezee mboga, na sosi ya saladi iwe pembeni." Basi. Hiyo anaiandika kwa mistari miwili na mimi naisoma huku nageuza kikaango. Tena iseme wakati wa kuagiza. Sahani ikishatoka, wali tunaourudisha unaishia ndooni.

La tatu linaniuma, mniwie radhi. Usimwambie mhudumu una mzio wa ngano kama huna. Tukisikia mzio tunaosha ubao, tunabadilisha kisu na sufuria, oda nyingine zinasubiri. Halafu nachungulia naona yule yule mwenye mzio anaonja keki ya mwenzake! Keshokutwa akija ambaye kweli ataumwa, wapishi wanaangaliana na kucheka.

Tumbo Joto

Nakuunga mkono mpishi, na mimi nilikaribia kuwa mmoja wa hao waongo.

Tumbo lilikuwa linajaa gesi kila nikila mkate. Nikaacha ngano mwenyewe miezi mitatu, nikapata nafuu, ndipo nikaenda kwa daktari kwa mbwembwe nikitaka anithibitishie siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuumizwa na gluteni, protini iliyo kwenye ngano. Akaniambia kipimo hakiwezi kusema lolote la kuaminika kwa sasa. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye siliaki huzitengeneza akiwa anakula gluteni. Ukiacha zinapungua, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Ikabidi nirudi kula mkate kila siku kwa wiki kadhaa, tumbo likiunguruma usiku kucha, ndipo nikapimwa. Ukiwa na dalili, kapime kwanza, kisha uache.

Majibu: sina siliaki. Ugonjwa wenyewe unampata kama mtu mmoja kati ya mia. Kilichoonekana kwangu ni aina ya wanga iitwayo fruktani, ambayo ipo kwenye ngano na pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Yaani nililaumu mkate mwaka mzima wakati vitunguu nakula mbichi mbichi kwenye saladi.

Na tusichanganye mambo. Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mchele na mahindi ni nafaka lakini hayana gluteni. Viazi, mihogo na ndizi si nafaka kabisa, ila wanga wanao tele. Kuna jamaa yangu ameacha nafaka na kilo zinapanda, nikamtembelea nikakuta sinia la chipsi.

Kamba za Viatu

Naongeza dogo kwa wenye kisukari. Mimi niko kwenye insulini. Nilipunguza wanga bila kumwambia mtu, nikaenda kukimbia, na dozi ni ile ile. Nilianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, macho yakaona ukungu. Bahati nilikuwa na pakiti ya juisi. Dawa zinazoshusha sukari hupangwa kulingana na unachokula na unavyojishughulisha, kwa hiyo mwone daktari wako KABLA ya kubadilisha sahani. Sina zaidi.

Sisikii la Mtu

Mimi wa wali mpaka kaburini, na nakimbia kuliko wengi wenu.

Nyie wa kupunguza wanga mnapenda kusema mwili ujifunze kuchoma mafuta badala yake. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha utafiti juu ya wanamichezo wa kutembea kwa kasi, watu wa kiwango cha juu. Kundi moja lilikula mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wiki tatu hivi. Kweli miili yao ikachoma mafuta kwa wingi, lakini ikahitaji oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule, na mazoezi yote yale hayakuwaongezea kasi kama wenzao waliokula wanga. Sasa wewe wa kilomita 5 unamnyima mwili wali kwa lipi?

Kobe Mbio

Sisikii, kwa hilo uko sahihi, ila wale walikuwa chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, tena wanatafuta medali. Mimi nakula viazi, maharage na matunda, na medali pekee niliyonayo ni ile wanayopewa wote wanaofika mwisho. Nilichokuwa natafuta ni kuacha kusinzia saa nane mchana juu ya kompyuta, na nimekipata. Kama wewe husinzii, kula wali wako kwa amani.

Nikiri jingine nililolificha kwenye posti ya kwanza kwa aibu. Mwezi wa kwanza choo kiligoma. Siku nne! Nilitoa mkate wa ngano nzima nisiweke chochote cha nyuzinyuzi badala yake, nikawa wa nyama na mayai tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, mimi nadhani hata kumi sikuzifikisha. Maharage na dengu ndivyo vilivyoniokoa. Kwa hiyo nafaka ikitoka sahanini, iingie mboga au jamii ya kunde, pasibaki uwazi ukajazwa na soseji.

Mgeni Jamvini

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Mimi nina kilo 96, sijawahi kukimbia tangu shule, magoti yananitisha. Nianzie kwenye chakula au mbio? Na Jumamosi nimealikwa mgahawani na wenzangu wa zamani, wale wa kucheka mtu akiagiza saladi.

Shavu la Mguu

Marahaba. Anza na vyote, ila kidogo kidogo. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Kasi iwe ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Fanya siku tatu kwa wiki, zisifuatane, maana pumzi huzoea haraka kuliko kano na mifupa. Ugoko ukiuma ukiugusa, pumzika, usijifanye shujaa. Na magoti yakikuuma hata ukitembea tu, yaonyeshe kwanza kwa daktari.

Mwiko Mrefu

Kuhusu hao wa kucheka, usiagize saladi. Agiza samaki mzima wa kuchoma na mboga mbili. Kichwa na mkia vikitokeza nje ya sahani hakuna wa kukuuliza wali uko wapi. Na soda iache, nusu lita ina kama gramu 50 za sukari, hapo unajisumbua bure kuhesabu mkate.

Mgeni Jamvini

Mrejesho. Alhamisi nilifanya raundi sita kati ya nane, mbwa wa jirani akanisindikiza hadi ya nne kisha akakaa chini kunitazama. Magoti yako salama, mashavu ya miguu ndiyo yanalalamika nikishuka ngazi.

Muda huu niko mezani. Yai nililila saa kumi na moja kama alivyosema Kobe. Kikapu cha mkate kimefika, nimekisogeza kwa jamaa wa kushoto, naye kapeleka mbele. Kimezunguka meza nzima kimerudi kwangu na kipande kimoja.

Nakila hicho. Samaki bado.