Samaki wangu kangaja amegoma kula, nemo nao wamefuata. Nimwage dawa?

Fundi_wa_Madumu (Malindi): Salaam wenye ujuzi. Nina tangi la lita 200 sebuleni, maji nachota mwenyewe ufuoni kwa madumu. Ndani mna samaki watatu, kangaja mmoja na nemo wawili, pamoja na kamba mmoja. Jumapili kangaja aliacha kula. Nikimtupia kipande cha nyama ya kamba anakifuata, anakitia mdomoni, anakitema. Juzi nemo nao wakagoma. Wote wanahema juu juu, karibu na pampu. Nemo mkubwa ana vidoa vitatu vyeupe kwenye pezi, kama punje za chumvi. Muuzaji kaniambia nimwage dawa ya shaba humo humo. Chupa ninayo mkononi.

MpigaMbizi: Usimwage! Shaba itamuua kamba wako, na mawe yataifyonza. Rudisha chupa kabatini.

DadaTasi: Vidoa hivyo navijua, ni vimelea. Mimi vilinimalizia tangi zima. Usichelewe.

AmiWaMaji: Mwanangu, samaki mmoja akigoma, mshuku samaki. Wakigoma wote ndani ya siku mbili tatu, shuku maji kwanza. Vidoa vitatu kwenye pezi la mmoja havitoshi kuwafanya wote wahangaikie hewa. Amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ni ngapi? Chumvi je? Na wiki iliyopita uligusa nini?

Fundi_wa_Madumu: Nimeazima vipimo kwa jirani. Amonia miligramu 1 kwa lita, chumvi 1.019 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu). Mashavu ya kangaja nimeyahesabu, mara 130 kwa dakika. Nilichogusa ni sponji ya chujio tu, Ijumaa. Ilikuwa na utelezi wa kahawia, nikaisugua kwa maji ya mfereji mpaka ikang'aa.

MpigaMbizi: Ikang'aa 😂

AmiWaMaji: Usimcheke, sote tumepitia. Ule utelezi ndimo walimokaa bakteria wanaokula amonia, na klorini ya mfereji imewamaliza. Amonia inatakiwa iwe sifuri. Tena maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi) ya juu, 8.2 hivi, na pH ikipanda sumu ya amonia huwa kali kuliko kwenye maji matamu. Badilisha nusu ya maji leo, kesho pima tena. Ongeza pampu ya hewa. Chakula simamisha siku mbili, kinachooza chini kinazidisha balaa. Siku nyingine suuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe, ndani ya ndoo.

Hiyo 1.019 ni chumvi ndogo, pia inaniambia umechota wapi. Kaskazi ikianza, maji matamu ya mto Sabaki na tope lake huteremka huku kwetu. Kusi ndiyo huyasukuma kaskazini, upande wa Mambrui. Mvua ikinyesha bara, usichote ghuba ya mjini. Subiri maji yajae, uende mbali na mto. Chumvi ipandishe polepole kwa siku kadhaa hadi 1.025.

DadaTasi: Na vidoa, ami?

AmiWaMaji: Vipo, sivikatai. Zima taa usiku, mmulike nemo kwa tochi kwa upande. Akionekana kama kapakwa vumbi la dhahabu, huo ni ugonjwa mwingine, huua kwa siku chache. Punje zinazohesabika, una muda. Ila zikipotea usishangilie, vimelea vimeshuka chini kuzaana.

DadaTasi: Na huyo kangaja ni mla mwani jamani, mnamlisha nyama kila siku? Mfungie mwani mbichi kwenye jiwe.

Fundi_wa_Madumu: Siku ya nne leo. Amonia imeshuka hadi 0.25. Asubuhi kangaja kaung'ang'ania mwani mpaka jiwe likapinduka, alhamdulillah. Vumbi la dhahabu hakuna, lakini vidoa vya nemo sasa ni saba, na mwenzake ana viwili. Nawatoa wote watatu wakatibiwe pembeni, tangi kubwa abaki kamba peke yake. Beseni la lita 60 linatosha?

AmiWaMaji: Kwa nemo sawa. Kangaja mtafutie pipa, anataka nafasi. Usitie mchanga wala mawe, weka vipande vya bomba la plastiki wajifiche. Shaba yako itumie humo, na kifaa cha kupimia shaba kwenye maji uwe nacho kabla hujafungua chupa. Tangi kubwa lisione samaki wiki kumi na moja, vimelea vife kwa kukosa wa kumng'ang'ania.

Fundi_wa_Madumu: Wiki kumi na moja! Mke wangu ataanika nguo humo.