Naombeni ushauri: Galveston kimya, joto kali, majirani roho juu. Nimtoe mama mapema au nimeanza kuchanganyikiwa?

Bint Kilindoni (mleta mada)

Wakuu salaam.

Nipo Galveston, Texas, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa vimbunga. Kabla ya hapo nilikaa Minnesota miaka sita, huko adui yangu alikuwa theluji na theluji nilishaizoea. Nimehamia huku Februari kufuata kazi. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Nimepanga ghorofa ya chini, mitaa saba kutoka ukuta wa bahari. Naishi na mwanangu wa miaka tisa, na mama yangu aliyekuja Machi kututembelea.

Msimu ulifunguliwa tarehe 1 Juni. Leo ni katikati ya Julai na hakuna kitu. Hata wingu la maana hakuna. Joto linagonga nyuzi 95 za Farenhaiti kila siku, na bahari ukiingiza mguu utadhani maji ya kumkandia mzazi.

Sasa kinachoninyima usingizi hata si hali ya hewa, ni watu. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa kisiwani, kila jioni anakaa barazani anatazama kusini, halafu anatikisa kichwa. Kazini kila mapumziko ni habari hiyo hiyo. Juzi kwenye foleni ya duka mama mmoja, hanijui simjui, kaniambia mwaka huu bahari "inajikusanya". Mimi nalala mchana kwa sababu ya zamu, na siku hizi silali. Nafungua simu kila baada ya saa moja kuangalia ramani isiyo na kitu.

Mama ndiye hana wasiwasi. Yeye ni mtu wa Mafia, na kimbunga Hidaya kilipofika Mei 2024 alikuwa Kilindoni. Ananiambia, "Hidaya tulitangaziwa tukajifungia. Ninyi mnaogopa ambacho hakijatangazwa."

Ila mama ana sukari, anatumia insulini. Na kazini nimeandikwa kwenye timu ya kubaki na wazee kimbunga kikija. Shemeji yangu yuko Dallas. Je, niwapeleke huko mama na mtoto sasa hivi wakae mpaka Novemba? Na huu ukimya una maana yoyote au watu wananitia presha tu? Nawasilisha.

---

Mzee wa Jamvi

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hama.

---

Chai Rangi

Nimekaa pale, ngoja waje wajuzi.

---

Nahodha Mstaafu

Mzee wa Jamvi, methali haipimi upepo. Usimtishe mtoto wa watu.

Bint Kilindoni, nimefanya kazi melini na Ghuba hiyo ya Meksiko naijua kidogo. Juni na Julai kuwa kimya ndiyo kawaida ya huko. Ukichukua wastani wa miaka thelathini, kimbunga kamili cha kwanza cha Atlantiki hupatikana karibu tarehe 11 Agosti. Kilele ni tarehe 10 Septemba hivi. Kwa hiyo ulichokiona mpaka leo ni milango ya ukumbi kufunguliwa, wageni hawajaanza kuingia.

Sababu mojawapo ni vumbi la Sahara. Miezi hii hewa kavu yenye vumbi inavuka bahari yote kutoka Afrika Magharibi hadi huko kwenu. Ukiona mbingu imekuwa nyeupe nyeupe na jua linazama likiwa jekundu, ndilo hilo. Kimbunga kinataka unyevu, hewa kavu inakikaba koo. Pia kuna upepo wa juu unaovuma tofauti na wa chini, unakata kichwa cha dhoruba kabla haijajisuka.

Joto la maji ni kweli ni mafuta. Kinahitaji maji ya nyuzi 26.5 za Selsiasi kwenda juu, na Ghuba wakati wa kiangazi inavuka hapo kwa mbali. Lakini mafuta kwenye pipa bila kiberiti hayaunguzi nyumba. Kila mwaka Julai pipa limejaa. Kwa hiyo ukimya haukuambii kitu, si cha heri wala cha shari. Mwaka 2022 Agosti nzima ilipita bila dhoruba hata moja iliyopewa jina, watu wakashangilia, na tarehe 28 Septemba Ian ikaivunja Florida. Mwaka 1992 dhoruba ya kwanza ya msimu kupewa jina ilikuja katikati ya Agosti. Hiyo ya kwanza ndiyo Andrew, na ilifika kusini mwa Miami ikiwa daraja la 5, la juu kabisa.

Usihesabu dhoruba. Wewe unahitaji moja tu kukuharibia, na hiyo moja haina uhusiano na Julai ilivyokuwa.

---

Bint Kilindoni

Nahodha, ahsante, nimeelewa. Lakini hujanipa usingizi. Umeniambia inaweza ikaja au isije.

---

Mama Tito wa Katy

Mdogo wangu, usingizi utaupata ukishika simu na kupiga bima badala ya kuangalia ramani. Nisikilize.

Niko Houston tangu 2011. Harvey ya 2017 ilinikuta na bima ya nyumba, nikajiona mjanja. Maji yaliingia mpaka kwenye goti. Napiga simu, naambiwa bima ya kawaida haigusi mafuriko. Nililia mpaka mume wangu akazima simu. Kochi, vitanda, vyeti vya watoto, vyote nikavitoa barabarani.

Bima ya mafuriko ni kitu cha peke yake, ipo ya mpango wa serikali kuu, na mpangaji anaruhusiwa kukata ya vyombo vyake tu. Kwa vyombo mwisho ni dola 100,000, ingawa mimi na wewe hatufiki huko. Bima ya mwenye nyumba inalinda kuta zake, kitanda chako hakimhusu.

Sasa sikia penye mwiba: ukiilipia leo inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Leo ni katikati ya Julai. Hesabu mwenyewe unaangukia wapi. Huo ukimya unaoulalamikia ndio umebeba siku zako 30. Ukisubiri mpaka dhoruba ipewe jina, utakuwa umekata bima ya kimbunga cha mwakani.

---

Stima Imepotea

Mimi ni wa Mombasa, niko Houston. Kila mtu hapa atakuambia habari ya upepo na maji. Mimi nakuambia habari ya stima.

Beryl ilipiga tarehe 8 Julai 2024. Daraja la 1, tukasema hii ni kitu ndogo. Wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa stima, na jua la Julai lilikuwa palepale. Sisi tulikaa siku sita. Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya kiyoyozi, hazina dirisha la kupitisha upepo kama kwetu Old Town. Ndani kulikuwa kama tanuri. Kuna watu walikufa kwa joto, si kwa upepo.

Kwa hivyo suala la mamako na insulini ni la maana kuliko mbao za madirisha. Muulize mfamasia wake: insulini aina yake inakaa siku ngapi nje ya friji, na ni joto gani haifai kupita. Nyingi zikishafunguliwa hustahimili wiki kadhaa kwenye joto la chumba, lakini chumba bila kiyoyozi Agosti hicho si chumba tena. Anza kugandisha chupa za maji sasa hivi, ujaze friza. Na gandisha kikombe cha maji, weka senti juu ya barafu. Ukirudi baada ya kuhama ukute senti imezama chini, basi friji ilizima muda mrefu hata kama stima imerudi. Tupa kila kitu.

Ukinunua jenereta, ikae nje kabisa, mita sita na zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Usiiweke kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake hauna harufu unayoitegemea na unaua familia nzima usingizini.

---

Bint Kilindoni

Mama kasomewa hii, anasema insulini aiweke kwenye mtungi wa udongo kama alivyokuwa akifanya umeme ukikatika Kilindoni.

---

Stima Imepotea

Mwambie mama mtungi unapoza kwa maji kukauka, na hapo Galveston hewa yenyewe imelowa. Utapoza kidogo. Ni bora kuliko dirishani, lakini usiutegemee peke yake. Kasanduku ka barafu, na chupa ya insulini isigusane na barafu, ikiganda imeharibika.

---

Furaha wa Bukavu

Dada, mimi niko hapa Houston, natokea Bukavu. Sisi tulifika bila kujua neno moja la hizi mambo. Nikuambie kitu moja: namba 211. Kama mtu hana gari ama ana mgonjwa, anapiga 211, anajiandikisha mbele ya kimbunga, serikali ijue pale iko mtu wa kusaidia. Usingoje siku ya mwisho. Wana wakalimani, omba Kiswahili.

---

Nahodha Mstaafu

Narudi kwenye swali la kumtoa mama, maana naona tumelikwepa.

Mama Tito yuko Katy, pembeni ya Houston, Stima yuko Houston mjini, hao wako bara, wanaweza kujadili kubaki. Wewe uko kisiwani, ghorofa ya chini. Kwako hakuna mjadala. Ukiambiwa kisiwa kihame, hama. Msitazame namba ya daraja, ile namba ni ya upepo peke yake. Ike mwaka 2008 ilitua Galveston ikiwa daraja la 2 tu, na maji iliyoyasukuma yalifagia nyumba za Bolivar, hapo ng'ambo yenu, zikabaki nguzo.

Na huo ukuta wa bahari usikudanganye. Ulijengwa baada ya kimbunga cha 8 Septemba 1900 kilichoua watu wasiopungua 6,000 hapo hapo unapolala, na ni ukuta mzuri. Lakini unatazama Ghuba. Maji ya Ike yaliingia mjini kwa nyuma pia, kupitia upande wa hori, ambako hakuna ukuta.

Kitu kingine kwa mtu wa kwetu: vimbunga vya kaskazini mwa ikweta vinazunguka kinyume na vile vya kwetu. Upande mkali ni wa kulia wa njia yake. Kikitua magharibi yenu, tuseme Freeport, msishangilie kwamba kimewakosa. Ninyi ndio mko kwenye ngumi.

Lakini kumhamisha sasa mpaka Novemba, hapana. Hiyo ni miezi minne ya mama kukaa kwa shemeji akitazama televisheni kwa lugha asiyoijua. Kituo cha vimbunga cha Miami kinatoa utabiri wa siku saba mbele. Tahadhari ya kwanza rasmi huja saa 48 kabla, ya pili saa 36. Wewe jiwekee mstari wako mwenyewe mapema zaidi ya hapo: dhoruba ikishaingia Ghuba, au ikielekezwa huko, mama na mtoto wanapanda gari siku hiyo hiyo, wewe ukiwa bado unaenda kazini.

---

Mzee wa Jamvi

Mimi nilisema hama mkanicheka.

---

Mama Tito wa Katy

Mzee wa Jamvi, tofauti ipo kwenye *lini*. Rita ya 2005 watu walihama wote siku moja. Barabara ya kwenda Dallas ikageuka maegesho, watu zaidi ya saa ishirini ndani ya gari, mafuta yakaisha, joto hilo hilo. Waliokufa kwenye kukimbia walikuwa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe, na kimbunga kilienda kutua mpakani na Louisiana. Mwenye mgonjwa anatangulia siku mbili, hasubiri foleni.

Bint Kilindoni, hilo la kazini je? Umeuliza mkataba?

---

Bint Kilindoni

Sijauliza. Naogopa nitaonekana mvivu.

---

Mlinzi wa Zamu

Nafanya kazi hospitali, nimekaa ndani kwenye vimbunga viwili. Usiogope kuuliza, kila anayejua kazi anauliza. Uliza wazee wanahamishwa au mnabaki nao, na kama wanahamishwa, wanapelekwa wapi na nani anapanda nao. Uliza jenereta inawasha kiyoyozi au taa tu. Nyumba za wazee zinatakiwa ziwe na mpango wa dharura ulioandikwa, omba uuone. Uliza timu ya kubaki inabadilishwa baada ya siku ngapi, maana mimi mara moja nilibaki siku tano na soksi jozi mbili.

Wakikujibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu. Anza kutafuta kazi nyingine kabla ya Septemba.

Na nani anaendesha gari la mama kwenda Dallas wakati wewe uko zamu? Hujalisema hilo popote kwenye uzi wako.

---

Bint Kilindoni

Mlinzi umenikamata. Nilikuwa najiona mimi ndiye dereva na mimi ndiye niko kazini.

---

Bint Kilindoni

Wakuu, mrejesho baada ya siku tatu.

Bima ya mafuriko ya vyombo nimelipia juzi. Inaanza kazi katikati ya Agosti. Mfamasia kanipa maelezo kwa maandishi na kasanduku. Msimamizi kazini hakukasirika, kanionyesha mpango: wazee wote wanahamishwa kwa mabasi kwenda bara, sisi tunapanda nao. Kumbe "timu ya kubaki" maana yake kubaki na wazee, siyo kubaki kisiwani. Nimekosa usingizi wiki tatu kwa neno moja.

Dereva ni yule mzee jirani. Nilimfuata barazani nikamuuliza kwa nini anatazama kusini kila jioni. Kasema anasubiri upepo upoe aingie ndani, kiyoyozi chake kibovu. Lakini Ike ilimchukulia nyumba, na safari hii hasubiri kuambiwa. Ana binti yake njia hiyo hiyo ya Dallas, atawabeba mama na mtoto.

Jana nimelala saa sita mfululizo. Joto bado lile lile, ramani bado haina kitu.

Limebaki swali moja, la mama. Anauliza kama Dallas nazi zinapatikana au abebe zake.

---

Mama Tito wa Katy

Zipo, maduka ya Wahindi, zimeshakunwa na kugandishwa. Mwambie mbuzi yake ataikuta akirudi.

---

Chai Rangi

Abebe mbuzi.