Mrejesho: Tanga hadi Mtwara peke yangu, nikilala ndani ya gari

Ndugu zangu, mwezi Mei niliwauliza kama mwanamke anaweza kusafiri peke yake kutoka Tanga hadi Mtwara akilala ndani ya Noah iliyoondolewa viti vya nyuma. Narudi kuwashukuru, kwa kuwa nimefika salama.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni ule wa kusubiri masika yaishe na kuegesha gari mlango ukielekea upepo wa kusi. Usiku wa kwanza, Pangani, niliupuuza, nikaamka saa nane jasho likinitiririka na chandarua kimenigandia shavuni. Nilipoligeuza gari, upepo ulipenya nikalala hadi adhana ya alfajiri.

Kuhusu usalama, kila nilipofika nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji nikajitambulisha, na mara zote nilioneshwa pa kuegesha, aghalabu uani kwa mama fulani ambaye hakukubali nilale bila kula.

Nangurukuru niliacha barabara kuu nikaenda Kilwa Masoko, nikachukua kibali na kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, ambako magofu ya Msikiti Mkuu, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, yalinifanya nikae siku tatu badala ya moja.

Jambo moja linaniuma: fundi aliyenifungia betri ya pili hakuweka fyuzi, na waya uliungua nilipokuwa karibu na Lindi. Anayejiandaa aukague mwenyewe, waya kwa waya, kabla hajaondoka nyumbani.