Pampu ya vakyumu inakufa kila mara, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina gari la dizeli la zamani, aina ile ambayo pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa kwenye busta, kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki) imefungwa nyuma ya alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Nikifunga pampu nyingine inafanya kazi vizuri, halafu baada ya muda pedali ya breki inakuwa ngumu tena.

Safari hii nimeifungua. Vile vibapa vya rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya pampu, vimelika, ukuta wa ndani una mikwaruzo, na oili ilikuwa kiduchu mno. Kinachonichanganya ni kwamba iliyotangulia ilijaa oili hadi ikavujia kwenye alteneta.

Mpira wa vakyumu na valvu ya njia moja nimeshabadilisha, na busta haivujishi hewa. Taa ya oili haiwaki. Fundi anasema nifunge nyingine tu, lakini breki si kitu cha kubahatisha.

Naomba kujua: nitapimaje kama kibomba cha kuleta oili kimeziba, kabla sijaua pampu mpya? Na mpira wa kurudisha oili ukipinda, ndio unaojaza oili kwenye alteneta? Natanguliza shukrani.