Barry Lyndon: ule muziki wa kwenye bastola ni wa karne ya 18 kweli?

Mtazamaji_Moro:
Wakuu habari za jioni. Mimi na shemeji tumemaliza kuangalia Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1975, zaidi ya saa tatu tumekaa. Mavazi, mawigi, mishumaa, sina neno. Muziki ndio umetugombanisha.

Kuna ule unaojirudia watu wakipigana bastola, nyuzi nzito na ngoma inayopigwa taratibu. Shemeji kashikilia kwamba filamu nzima ina muziki wa enzi zile zile, kwa sababu Kubrick alikuwa mtu wa kujali hadi kifungo cha koti. Mimi kuna mahali nimestuka: pale Barry na Lady Lyndon wanapotazamana kwenye meza ya kamari, hawasemi kitu, piano na selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito) zinapiga. Sikio langu linaniambia huo ni wa baadaye.

Halafu jina la muziki limeandikwa Leonard Rosenman, na nasoma kwamba alipata Oscar. Kama nyimbo ni za Handel na wenzake, yeye kafanya nini hasa?

Kibuyu77:
Shemeji yupo sahihi. Mtu aliyetafuta lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, ili tu apige picha kwa mwanga wa mishumaa, atashindwa vipi kupata muziki wa wakati ule?

SeloNairobi:
Kibuyu77, lenzi ni kweli, lakini muziki hapana. Mtazamaji, sikio lako limesikia sawasawa.

Napiga selo kwenye kikundi kidogo cha nyuzi hapa Nairobi: harusi, hoteli, ibada za Krismasi. Hicho cha meza ya kamari ni cha Franz Schubert, trio ya piano, fidla na selo, namba mbili, sehemu ya pili. Sisi wa selo tunakipenda kwa sababu ya choyo tu. Piano inaanza peke yake na koodi fupi fupi (noti kadhaa zikipigwa pamoja), kisha wimbo mzima anapewa selo kwanza huku fidla ikisubiri. Si kila siku tunapata heshima hiyo.

Sasa hesabu miaka. Schubert aliitunga mwaka 1827, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 31. Hadithi ya Barry inaanzia miaka ya 1750, na ile karatasi ya malipo inayosainiwa mwishoni imeandikwa 1789. Schubert alizaliwa 1797. Kwa hiyo Barry anambusu Lady Lyndon barazani kwa muziki wa mtu ambaye hata mimba yake haijatungwa.

Na usidhani Kubrick alipitiwa. Alimwambia Michel Ciment, yule mhakiki wa filamu wa Ufaransa, kwamba alisikiliza muziki wa karne ya 18 kwa wingi na hakupata wimbo wa mapenzi wenye msiba ndani yake, ndipo akamchukua Schubert. Mimi namkubalia nusu. Huzuni karne ile ilikuwepo; Bach anayo tele, na yumo humo humo kwenye filamu. Lakini huzuni ya Bach ni ya mtu aliyepiga magoti kanisani. Haiwezi kukaa kwa mwanamke aliyeondoka mezani akijua kabisa kwamba atafuatwa.

Twende kwenye bastola. Ule ni Sarabande ya Handel, kutoka kwenye kitabu chake cha vinanda kilichotoka mwaka 1733. Hapo shemeji ana haki yake, ni wa enzi. Ila Handel aliuandikia hapsikodi, kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake zinadonolewa, mtu mmoja na mikono yake miwili. Hamna selo, hamna besi, hamna ngoma. Ni kipande kifupi cha mapigo matatu, uzito ukiwa kwenye la pili, ndiyo maana kila ukitaka kusonga mbele wimbo unakushika nguo.

Kazi ya Rosenman imeanzia hapo. Aliugawa kwa okestra, na kila tukio akalikatia kipimo chake. Majina yanapotokea mwanzoni unaupata umejaa, nyuzi zote. Kwenye mazishi ya mtoto unarudi na uzito wake wote. Nenda sasa kwenye lile pambano la ghalani (sitasema nani anapigwa, kuna watu hawajaiona). Wimbo wa juu kauondoa. Zimebaki nyuzi za chini na timpani (zile ngoma kubwa za okestra), sauti inapigwa, kimya, inapigwa tena, na njiwa wanalia darini. Mtazamaji anamalizia wimbo mwenyewe kichwani, kwa sababu ameshausikia kwa saa tatu. Ukiona ni rahisi, jaribu kupanga muziki wa dakika kadhaa kwa noti hizo chache watu wasichoke.

Oscar yake, aliyopewa 1976, ilikuwa ya upangaji. Muziki mpya ulikuwa na tuzo yake pembeni, na mwaka huo ilienda kwa John Williams kwa Jaws. Wengi wanasema Rosenman alibebwa. Mimi nasema alistahili kwa lile ghala peke yake.

Na ukitaka kumnyamazisha shemeji kabisa, mwulize kuhusu zile sehemu za Ireland mwanzoni. Wimbo wa Women of Ireland unapigwa na The Chieftains, kundi la muziki wa asili wa Ireland, na mtunzi wake Seán Ó Riada amefariki 1971. Maneno yake ni shairi la karne ya 18, sawa, lakini kwenye filamu haimbi mtu!

Mimi nimeiangalia hivi: muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia, Kubrick kaulinda. Askari wa Uingereza wanatembea na British Grenadiers, wa Prussia wana gwaride lao la Hohenfriedberg, Lady Lyndon anakaa kwenye hapsikodi na Bach. Ule tunaousikia sisi tu tuliokaa kwenye kochi, hapo kajiruhusu atakavyo.

(Tuliwahi kuombwa Sarabande hii bibi harusi akiingia kanisani. Eti aliipenda kwenye filamu. Tukaipiga, alilipa. Selo ya pili alikuwa anauma midomo asicheke.)

BintiShangani:
Kaka SeloNairobi, shukrani, nimesoma mara mbili. Mie fidla nimejifunzia kwenye taarab hapa Unguja. Kwetu fidla zote hushika wimbo mmoja, kila mtu na madoido yake, kwa hiyo okestra kuachiwa chini tupu bila wimbo, mwanzo nilidhani spika zangu zimekufa.

Nna suali. Wanafunzi wangu wanafanya mchezo wa kuigiza wa mambo ya zamani, nataka kuitumia Sarabande na tutaurusha mtandaoni. Si Handel kafa zamani? Ruhusa ya nini tena?

SeloNairobi:
Dada, Handel kafariki London mwaka 1759, noti zake ni mali ya kila mtu. Rekodi ya filamu ina wenyewe, na mpangilio wa Rosenman nao ni kazi yake, hata ukiupiga upya kwa fidla zako. Salama zaidi chukua noti asilia za kinanda, zipo bure mtandaoni, wewe mwenyewe zigawe: mkono wa kulia fidla, wa kushoto selo au besi. Kama mna qanun usiiache nje. Itakaa karibu na hapsikodi kuliko piano, maana zote mbili nyuzi zinadonolewa.

BintiShangani:
Qanun ipo, na mpigaji wake ana maringo. Ntamwambia ni Handel, atakubali.

Mtazamaji_Moro:
Shemeji amesoma yote, amekubali Schubert, amekataa kuhusu Ireland. Tunaendelea naye. SeloNairobi, tupe nyingine ya mavazi ya zamani, lakini muziki uwe umetungwa upya.

SeloNairobi:
Pride & Prejudice ya 2005, mtunzi Dario Marianelli, piano kapiga Jean-Yves Thibaudet. Baadhi ya vipande vya piano ilibidi vitungwe kabla ya kamera kuwaka, kwa sababu wahusika wanavipiga wenyewe ndani ya hadithi. Elizabeth anapocheza na Darcy, wimbo wa fidla unaosikika ni wa mtunzi Mwingereza Henry Purcell, wa 1695, Marianelli kaufanyia mpangilio wake. Angalieni kwa spika nzuri, si simu. Kwenye simu selo inakufa kabisa.